Misumari ya Upande wa Kaskazini

Port Alazán, Texas
9 Aprili

Kaka Rogelio,

Simu ya Jumapili ni ya Mama, na sitaki kumnyang'anya hata dakika moja, ndiyo maana nakuandikia. Nyonga yake inapona. Anatembea na mkongojo mpaka jikoni, anasimama nyuma yangu na kunigombeza kwamba chapati zangu za tortilla zina umbo la ramani. Nimeshafungua masanduku yangu ya vitabu, maana naona sitarudi chuoni kabla ya Krismasi.

Kuna jambo moja dogo. Mzee Stavinoha, wakala wetu wa bima, amestaafu. Wateja wake wote wamehamishiwa kwa mama mmoja anaitwa Delphine Kubena, ofisi yake iko juu ya duka la matairi. Alipiga simu kutaka karatasi za nyumba upya, na Mama akanikabidhi simu kama sufuria ya moto. Nimekaa siku tatu nikisoma. Naona aibu kukiri kwamba nililelewa ndani ya nyumba hii bila kujua inalindwa na nini. Nilidhani bima ni moja. Kumbe ziko tatu. Ya kwanza ni ya moto na wizi, na imeandikwa wazi kwamba huku pwani upepo haiuhusu. Ya pili ni ya mafuriko, nayo inahesabu tu maji yanayopanda kutoka chini. Ya tatu ni ya upepo, ya jimbo, kwa ajili ya kile kinachong'oa paa. Kimbunga kikipita watakuja watu watatu, na kila mmoja atasema uharibifu ni wa mwenzake.

Bi. Kubena anasema hiyo ya upepo ndiyo yenye masharti. Nyumba ikishabadilishwa paa, haipewi bima mpaka kuwe na cheti cha mkaguzi kuonyesha kwamba paa lilipigiliwa kwa kanuni za pwani. Nikamwambia cheti kipo, tena kiko kwenye fremu. Akacheka, akasema miaka ishirini katika kazi hii hajawahi kusikia mtu aliyetundika cheti cha upepo ukutani.

Nilikitoa jana pale koridoni, kati ya picha zetu za Komunyo ya kwanza. Mama hakupenda. "Kirudi leo leo," alisema. "Hicho ndicho cheti pekee alichowahi kuniletea mwanangu." Nitakipeleka kesho, watoe kopi, nikirudishe. Bima ya sasa inaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo muda tunao.

Je, unakula? Mama anauliza hilo kila siku kana kwamba mimi ndiye mpishi wa jela.

Yadira


Jela, 17 Aprili

Profesa,

Barua yako imefika imefunguliwa, kama zote. Jamaa wa chumba cha barua sasa anajua umbo la tortilla zako, na nadhani amenionea huruma.

Nakula. Mwambie Mama nimenenepa.

Usimpelekee huyo mama kile cheti. Karatasi yenyewe imechoka, ukiitoa kwenye fremu itachanika. Mwambie atafute kwenye mafaili ya Stavinoha, kopi ilikuwa mle. Mzee aliipokea miaka minne iliyopita, baada ya kile kimbunga kilichoondoka na paa la zamani, na bima imetoka kila mwaka bila maneno. Sasa uchokozi huu ni wa nini? Mtu akiingia ofisi mpya lazima aonyeshe kwamba ana kazi.

Paa ni zima. Nililipiga mimi, fundi wa paa tangu nina miaka kumi na saba, pamoja na Beto na binamu wengine, Jumamosi na Jumapili, kwa mikono yetu wenyewe. Unaujua utaratibu wa kwetu.

Bodi ya kuachia wafungwa mapema inanisikiliza tarehe 14 Agosti. Wakili wa bure anasema tangu wanifunge kwa ile ajali ya gari nikiwa nimelewa faili langu ni safi: sijagombana na mtu, sijakosa mkutano hata mmoja wa walevi wanaoacha pombe, padri ameniandikia barua. Anasema kazi yangu imebaki moja, nisizue jambo jipya.

Rudisha fremu ukutani, tafadhali.

Roge


Port Alazán, 24 Aprili

Kaka Rogelio,

Barua yako ilinikuta nimeshapeleka cheti.

Bi. Kubena aliandika namba yake kwenye kompyuta, akaiandika tena. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Namba ile ni ya nyumba nyingine. Ni nyumba ya mtaa wa Heron, ya mjane mmoja Ledbetter, iliyoezekwa upya mwezi uleule. Yetu haimo. Kwenye kumbukumbu za jimbo, paa letu halijawahi kukaguliwa na mtu yeyote.

Nilimwambia lazima ofisi yao ilichanganya namba. Alinitazama kwa upole ambao sikuupenda. Akasema inawezekana, niulize jina la mkaguzi aliyekuja, naye atampigia.

Kwa hiyo nakuuliza. Alikuwa nani? Alikuja siku gani? Ukinipa jina tu, tutamaliza jambo hili kwa dakika tano na fremu itarudi mahali pake. Mama ananiuliza kila asubuhi, nami nimeanza kumdanganya: nimemwambia kioo kilipasuka nikakipeleka kwa fundi.

Yadira


Jela, 2 Mei

Yadira,

Usiniandikie tena habari za ile karatasi. Barua hizi tunasoma watatu.

Nenda kwa Beto pale anapooshea magari. Mwambie nimesema akueleze. Akianza mizaha, mwache amalize, halafu muulize tena.

R.


Port Alazán, 11 Mei

Kaka,

Nimemwona Beto. Habari za majirani hazijakatazwa kwenye barua, kwa hiyo nitakusimulia habari ya jirani mmoja.

Jirani huyu alikuwa fundi wa paa, hodari. Kimbunga kilipoondoka na paa la mama yake aliita binamu zake, kama tunavyofanya sote. Unanunua nyama na bia, wanakuja na nyundo, na kufikia Jumapili jioni mtu ana paa. Lakini kanuni ya pwani inataka mkaguzi aje wakati mbao za juu ziko wazi, kabla hazijafunikwa, ili aione misumari kwa macho yake. Mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Jumapili alasiri mawingu yakaja upande wa Ghuba ya Meksiko, nyama ilikuwa imeiva, watu walikuwa wamechangamka, na jirani akasema funikeni. Mkaguzi alipofika Jumatatu alikuta vigae vimeshalala, vizuri kabisa. Alisema hawezi kutia sahihi kwa kitu asichokiona. Wafunue upande mmoja, naye atarudi.

Jirani hakufunua. Beto anasema vifaa vilikuwa vimekwisha, na mama wa jirani alikuwa akiuliza kila siku, cheti kiko wapi, bima itakatika. Ndipo jirani akachukua cheti cha yule mjane wa mtaa wa Heron, ambaye yeye na bosi wake walimwezekea, akaenda maktaba ya mji kwenye mashine ya kopi, akakata na kubandika anwani. Kile kiangazi mimi nilifanya kazi kwenye maktaba hiyo. Najiuliza kama nilimsalimia.

Beto alinisimulia haya akicheka. Nilimwacha amalize, kama ulivyosema. Nilipomuuliza tena, hakucheka.

Sasa nikueleze mahali jirani alipomfikisha mama yake. Bi. Kubena si mtu mbaya, lakini karatasi ile imeshaingia kwenye faili, na faili limefungwa. Halifunguliwi kwa cheti kipya, kwa bima mpya, wala kwa lolote, mpaka kuwe na maelezo ya maandishi yenye sahihi: karatasi ilitoka wapi na nani aliitengeneza. Bila maelezo hayo wataandika jina lililo kwenye bima. Unajua ni jina la nani.

Tena anasema msimu ukianza, kimbunga kikishaingia tu ndani ya Ghuba, popote pale, hakuna anayeuziwa bima ya upepo pwani nzima mpaka kitoke.

Nimekuwa nikitembea koridoni nikiutazama ule msumari mtupu. Hasira yangu haijui iende wapi. Jirani alitaka mama yake apumue. Naelewa. Laiti nisingeelewa, ingekuwa rahisi.

Yadira


Port Alazán, 20 Mei

Kwa Bi. Eufemia Cantú,

Kuhusu: bima ya upepo ya nyumba yako.

Cheti kilichomo kwenye faili lako hakihusiani na nyumba yako. Unaombwa kuleta maelezo ya maandishi yenye sahihi kuhusu asili yake kabla ya tarehe 15 Juni. Yasipofika, suala litapelekwa kwa wachunguzi kwa jina la mwenye bima, na bima haitaendelea baada ya tarehe 30 Juni.

Maelezo yakipokelewa, unaweza kuomba cheti kipya. Mhandisi aliyesajiliwa atafungua sehemu ya paa na kutazama upigiliaji.

Nakushauri usisubiri.

Delphine Kubena
Wakala


Jela, 26 Mei

Profesa,

Umenitumia kopi ya barua ya Bi. Kubena bila neno lako hata moja. Ungeandika hata tusi moja ningepumua.

Nimezungumza na yule jirani. Anajua alichokifanya. Anasema alikuwa na njia mbili, kufunua paa au kufunua aibu, akachagua mashine ya kopi. Anakuomba kitu kimoja: mngoje mpaka tarehe 15 Agosti. Siku moja tu baada ya bodi. Hapo atakuwa ameshasikilizwa, na ataandika lolote, atatia sahihi hata kwa dole gumba la mguu.

Hesabu mwenyewe. Bima inaisha 30 Juni. Kutoka hapo mpaka 15 Agosti ni wiki sita na ushee. Miaka minne hakijapita hata kimbunga kimoja mjini kwetu, na vibaya huja Septemba, kila mtu anajua. Ni wiki sita za kutazama mawingu. Huyo mama wa ofisini mwambie Mama anaumwa, haandiki, haoni vizuri. Watu wa ofisi huongeza muda, usipowaonyesha woga.

Mama amekwishaniandalia chumba, aliniambia kwenye simu. Amenunua shuka mpya. Aliniuliza napenda rangi gani, nikasema yoyote, akasema hakuna rangi inayoitwa yoyote. Mimi nina miaka thelathini na tatu, Yadira, na nilitaka kulia kwa sababu ya shuka.

Wiki sita.

Roge


Port Alazán, 3 Juni

Rogelio,

Nimeihesabu hesabu yako mara nyingi na sina kosa la kuonyesha. Pengine hakitakuja kitu. Lakini hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya jirani ile Jumapili alipoyaangalia mawingu: pengine hakitatokea kitu. Kila mtu aliye chini ya lile paa analala ndani ya pengine yake.

Mama ana miaka sitini na nane na nyonga iliyofungwa kwa vyuma. Hana kitu kingine duniani isipokuwa nyumba hii. Barua ya Bi. Kubena niliificha kabla hajaiona. Jana aliniuliza kwa nini mtengeneza fremu anachukua miezi miwili kuweka kioo kimoja, nikamwambia ameugua, na leo amemchemshia supu ya kuku nimpelekee. Supu iko kwenye gari. Sijui niipeleke wapi.

Kwa hiyo nimeamua, na sikuombi ruhusa. Maelezo nitayaandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilifanya kazi maktaba, mashine ya kopi ilikuwa hatua tano kutoka kiti changu, na niliogopa mama yangu asikose bima. Hakuna sentensi hata moja hapo ya kumshangaza mtu. Mimi sina bodi inayonisubiri. Nina chuo, na chuo kinaweza kunifukuza, na vitabu havijali vinasomewa wapi. Nitatia sahihi tarehe 14 mbele ya Bi. Kubena.

Limebaki moja, nalo sitaki utani. Mhandisi anaitwa Halvorsen. Anasema hatafungua paa zima, hatuna uwezo huo. Atafungua upande mmoja, tutakaouchagua sisi. Beto anasema pande zote ni sawa, lakini anaposema hivyo anatazama viatu vyake. Jirani ajibu: upande gani?

Yadira


Jela, 7 Juni

Kwa dada yangu Yadira Cantú, kwa Bi. Delphine Kubena, na kwa yeyote anayeifungua barua hii kabla yao,

Mimi Rogelio Cantú, mfungwa, naandika kwa hiari na akili zangu timamu. Hakuna jirani. Ni mimi.

Nilibadilisha paa la nyumba ya mama yangu kwa siku mbili baada ya kimbunga cha miaka minne iliyopita. Niliwaambia watu wafunike mbao kabla ya mkaguzi kuziona. Mkaguzi alikataa kutia sahihi, na alikuwa na haki. Nilichukua cheti cha nyumba ya mtaa wa Heron, nikakibadilisha anwani kwenye mashine ya kopi ya maktaba, nikampa mama yangu, naye akampa wakala wa zamani akiamini ni cha kweli. Mama hajui mpaka leo. Dada yangu alijua mwezi uliopita. Akileta karatasi inayosema aliitengeneza yeye, msiipokee. Anadanganya, na hajui hata kudanganya vizuri: mashine ile haikuwa hatua tano kutoka kiti chake, ilikuwa chini kabisa, karibu na vyoo.

Sasa misumari. Upande wa kusini, mashariki na magharibi niliupiga mimi: misumari yenye pete za kung'ang'ania mbao, kila inchi sita, kila mmoja umeingia kwenye kenchi. Hapo fungueni mnapotaka, sina wasiwasi.

Upande wa kaskazini sijui. Niliiambia bodi kwenye fomu yao kwamba nilianza kunywa mwaka ule wa ajali. Si kweli. Ile Jumapili alasiri, nilipokwisha kusema funikeni, nililala ndani ya gari, nimelewa, na upande wa kaskazini aliumaliza Beto na vijana wengine ambao hawakuwahi kupiga paa maishani. Nilipoamka vigae vilikuwa vimelala. Sikufunua kwa sababu ya vifaa, ni kweli, lakini zaidi ni kwa sababu niliogopa nitakachokuta. Upepo wa kimbunga kwetu huanza kugonga kutoka upande huo. Mimi ni fundi, nalijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale.

Mwambieni Halvorsen afungue kaskazini.

Yadira, usitie sahihi kitu. Najua barua hii ikitoka mkononi mwangu itapita kwa nani na itaishia wapi. Nimekaa nayo siku mbili. Nimeisoma kwa sauti kwa mwenzangu wa chumba, akaniita mpumbavu, kisha akanisahihishia tarehe.

Rogelio Cantú


Port Alazán, 3 Julai

Kaka,

Naandika haraka, gari liko tayari.

Barua yako ilifika tarehe 14 asubuhi, nikiwa nimevaa viatu kwenda kutia sahihi. Niliisoma nimesimama. Nilimpelekea Bi. Kubena hiyo badala ya yangu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema itatosha. Wakubwa wake walifungua faili tarehe 26.

Halvorsen alifungua kaskazini siku iliyofuata. Ni mzee mrefu asiye na maneno. Aliniita nipande ngazi nione mwenyewe. Chini ya vigae misumari ilikuwa imetawanyika kama mtu aliyeirusha. Mingi ilipita pembeni ya kenchi na kuning'inia darini, imeota kutu. Aliiweka mbao moja kati ya vidole viwili na kuinyanyua, Rogelio. Vidole viwili. Tumelala chini ya mbao hizo miaka minne.

Beto alikuja na binamu watano. Safari hii hakuna aliyeleta bia, na nyama ilibaki kwenye barafu. Nilipiga misumari na mimi. Beto alinifundisha jinsi ya kuisikia inapoingia kwenye kenchi, sauti inabadilika, inakuwa nzito. Mama alikaa uani na mkongojo wake akilalamika: "Mnaharibu paa zuri la mwanangu." Nilimwambia bima imebadilisha kanuni. Beto alinitazama, kisha akarudi kwenye misumari yake.

Tuliacha mbao wazi siku mbili chini ya jua, tukimngoja Halvorsen. Mawingu yalipita juu yetu na hakuna aliyegusa kigae. Alikuja, akapima kila mstari, akaandika.

Cheti kimetoka leo saa sita mchana. Nilikimbia nacho mpaka juu ya duka la matairi. Bi. Kubena alikuwa ameketi mikono mapajani. Kimbunga Celestino kimeingia ndani ya Ghuba leo saa mbili asubuhi, na mauzo yamefungwa. Tumechelewa kwa saa nne tu, Rogelio. Alinionyesha kioo cha kompyuta, sehemu yote ya kuandika imekuwa ya kijivu, haiandikiki.

Kwa hiyo tuna paa na cheti, ila bima hatuna. Wanasema kinaweza kuja kwetu Jumamosi. Nampeleka Mama kwa shangazi San Antonio. Amekataa kuondoka mpaka afunge madirisha yote ya chumba chako kwa mkono wake.

Yadira


San Antonio, 6 Julai

Kaka,

Kimepinda. Jana mchana kilipinda kikaenda mashariki, kikatua kwa watu wengine mbali na sisi. Beto amepita nyumbani: hakuna tone lililoingia, hata mti haukupoteza tawi. Anasema upepo ulikuwa wa kukaushia nguo.

Mama amesali rozari nzima ya shukrani, na mimi nimekaa nje na kitu ambacho si woga wala furaha.

Ya.


Port Alazán, 22 Julai

Kaka Rogelio,

Bima imetoka. Mauzo yalifunguliwa tarehe 8, Bi. Kubena aliniita mapema asubuhi na kuandika jina la Mama mbele yangu, herufi kwa herufi. Kimbunga kikija, sehemu ya kwanza ya hasara bado itakuwa juu yetu, ndivyo mkataba ulivyo, lakini baada ya hapo nyumba itajengwa upya. Nimeusoma mkataba wote, kurasa hamsini na mbili. Sasa najua neno kwa neno kinacholindwa na kisicholindwa.

Kuna jambo nimejaribu kutoliandika, na siwezi. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Tangu tarehe 30 Juni mpaka leo hakijatupata kitu, na utabiri hauonyeshi kitu mpaka katikati ya Agosti. Kama ningekungoja, na ofisi ikatuongezea muda kama ulivyosema, paa bovu lingesimama bado, ungefika mbele ya bodi na faili safi, ungeandika maelezo yako tarehe 15 ukiwa na shuka zako mpya zikikungoja. Upepo niliokushurutisha kuuogopa haukuvuma.

Wakili wako amesemaje? Usinifiche. Nimechoka kufichwa na kuficha.

Yadira


Jela, 18 Agosti

Profesa,

Bodi ilikuwa na barua yangu mezani, kopi safi kabisa, bora kuliko kazi niliyowahi kufanya mimi kwenye mashine ile. Mama mmoja wa bodi aliniuliza kwa nini niliandika jambo hilo nikijua litasomwa. Nikamwambia paa lilikuwa linangoja. Hakuelewa, au labda alielewa. Wamenisogeza mwaka mmoja. Nitasikilizwa tena Agosti ijayo. Habari ya cheti wameiacha mikononi mwa watu wa bima, na Bi. Kubena ameniandikia kwamba mradi hakuna hasara iliyolipwa, hadhani kuna atakayefungua kesi.

Kuhusu hesabu. Ndiyo, ungeningoja, ningekuwa nyumbani. Na tarehe 15 ningeandika, hilo naliamini Jumatatu na Jumatano. Siku nyingine najijua. Ningefika, Mama angenipikia, ningelitazama paa kutoka uani, na ningesema wiki ijayo. Mtu anayelipia upepo wa mwaka mzima, na upepo usije, hajaibiwa, Yadira. Uliza huyo Kubena wako. Mimi nimelipa kwa mwaka, basi. Wengine hapa wamelipa zaidi na hawana nyumba.

Kwa hiyo acha kujipiga, huna hata bega la kazi hiyo. Beto anasema ulipinda misumari minane kati ya kumi.

Sasa jambo moja la mwisho, na hili si ombi. Mama bado anafikiri nakuja mwezi huu. Anafikiri bima ilibadilisha kanuni, na kwamba mtengeneza fremu ni mgonjwa. Jumapili nitamwambia yote mwenyewe, kuanzia mashine ya kopi mpaka Agosti ijayo. Usimtangulizie maneno, usimlainishie. Mkalishe kwenye kiti chenye mikono, mpe simu, kisha toka nje ufunge mlango.

Roge